SOMO LA AFYA: MIEZI SITA YA DAWA ZA KIFUA KIKUU ILITOKA WAPI?



Katika somo hili tutazungumza juu ya utafiti wa tiba, hasa ule wa magonjwa ya mapafu. Tumelichagua jambo hili kwa sababu hapa Kahendero, na hata kwa wenzetu wa Hima na Bwera, neno "utafiti" likitajwa tu watu hugawanyika. Wengine husema, "Wanakuja kutujaribia dawa kama panya." Wengine husema, "Waacheni, wanatoa sabuni na nauli." Wote hao hawajafika kwenye jambo lenyewe. Mfanyakazi anayetaka kulinda kifua chake na kazi yake ajue utafiti ni kitu gani, umetuletea nini, na ni nani waliotoa miili yao ili upatikane.

Sisi tunaoandika tuliishia darasa la saba. Hatutatumia maneno makubwa, na msomaji akikwama mahali asione haya kumwuliza mwenzake au katibu wa tawi.

UGONJWA WENYEWE

Kifua kikuu huletwa na kijidudu kinachopita hewani mgonjwa anapokohoa, anapoimba au anapozungumza. Hakiletwi na uchawi, hakirithiwi, wala hakipatikani kwa kula sahani moja. Kinapenda watu waliobanana ndani ya nyumba isiyoingiza hewa. Sasa tazameni maisha yetu. Kahendero ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, na mbuga ya Queen Elizabeth imetuzunguka, basi nyumba hubanana kwa kuwa hakuna pa kupanukia. Akina mama wanaokausha samaki kwa moshi huvuta moshi huo tangu asubuhi. Katika makambi ya mashamba vibarua hulala wengi chumba kimoja, na milango hufungwa usiku kucha kwa kuogopa mbu na wezi.

Tena kuna vumbi. Baba zetu wengi walichimba shaba Kilembe tangu mwaka 1956 mpaka uchimbaji uliposimama mwaka 1982. Vumbi la mwamba lenye silika likiingia ndani kabisa ya mapafu halitoki tena. Hukaa humo na kuyafanya magumu, na mwenye mapafu ya namna hiyo hushikwa na kifua kikuu upesi kuliko mwingine. Vivyo hivyo mwenye virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo mtu wa kazi akikohoa wiki mbili au zaidi, akitoka jasho usiku na kukonda, asinunue dawa ya kikohozi dukani mwezi hadi mwezi. Aende akapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali hutolewa bure.

Akikutwa na ugonjwa ataambiwa: miezi sita. Hapo ndipo manung'uniko huanza. Kwa nini sita? Kwa nini si miwili, maana mwezi wa pili kikohozi kimekwisha na mwili umerudi? Jibu la swali hilo halikutoka kichwani mwa daktari mmoja. Lilitafutwa kwa kuhesabu watu.

KUPIGA KURA

Kabla ya dawa kuwako, mgonjwa wa kifua kikuu alilazwa kitandani tu, akapewa chakula na hewa safi, wakangoja. Mwaka 1948 Waingereza walitoa matokeo ya jaribio la dawa mpya iitwayo streptomaisini. Dawa ilikuwa kidogo mno baada ya vita, haikuwatosha wote. Basi badala ya daktari kuchagua ampe nani, walipiga kura kwa bahasha zilizofungwa. Wagonjwa 55 walipata dawa na mapumziko, na 52 walipata mapumziko peke yake. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika wale 55, na 14 katika wale 52.

Kura hiyo ndiyo moyo wa utafiti wa tiba, nasi tungependa kila mwanachama aielewe. Daktari akichagua mwenyewe, huenda akawapa dawa wale anaowaona wana nguvu, kisha wakipona akasema dawa imeponya. Kura haijui mtu. Hugawa wanene na wembamba, matajiri na maskini, sawasawa pande zote mbili. Mwishoni, tofauti ikionekana, imetokana na dawa.

Mtu atasema: lakini daktari mwenye uzoefu si anajua kwa macho? Haya, sikilizeni habari ya watoto. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilifundisha kwamba mtoto aliyeletwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, damu haizunguki vizuri, amiminiwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Madaktari waliona mtoto akichangamka, wakaamini. Kati ya mwaka 2009 na 2011 hospitali za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor hapa Uganda, pamoja na Kilifi ya Kenya na Teule ya Muheza, Tanzania, zilipima jambo hilo kwa watoto 3,141 waliogawanywa kwa kura. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa 10 au 11 katika kila 100 ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, wakapewa maji taratibu na matibabu mengine yote, walikufa 7 katika kila 100. Jaribio likasimamishwa mapema. Macho ya daktari yaliona mtoto amechangamka saa ya kwanza, lakini hayakuweza kuona vifo vitatu zaidi katika mia. Hesabu ndiyo iliyoviona.

NYUMBANI AU HOSPITALINI

Turudi kwenye kifua kikuu. Swali la kwanza lililomhusu mfanyakazi moja kwa moja lilijibiwa India, katika mji wa Madras. Mwaka 1956 walianza kuwagawa wagonjwa kwa kura: nusu walazwe hospitalini mwaka mzima, nusu wakae kwao wakimeza dawa. Waliobaki nyumbani waliishi katika vyumba vilivyojaa, wakala chakula duni, na wengine waliendelea na kazi. Kila mtu alidhani wa hospitalini watashinda kwa mbali. Matokeo yalipotolewa mwaka 1959, tofauti ya kupona ilikuwa ndogo sana. Hata ndugu waliokaa nyumba moja na mgonjwa hawakuambukizwa zaidi ya ndugu za wale waliolazwa, kwa sababu hatari kubwa ilikuwa imekwisha kupita kabla mgonjwa hajajulikana wala kuanza dawa.

Tuliposoma habari hiyo tulishangaa kwamba nyaparaa wa leo bado hamjui Mhindi yule wa Madras aliyemeza vidonge vyake kwenye chumba cha kupanga akapona. Tutarudi kwake.

JARIBIO LA AFRIKA MASHARIKI

Sasa miezi. Katika miaka ya 1960 matibabu ya kawaida yalikuwa mwaka mmoja na nusu: kwanza sindano za streptomaisini pamoja na vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni, halafu vidonge peke yake mpaka mwezi wa 18. Dawa ziliunganishwa kwa sababu lile jaribio la Uingereza lilionyesha pia kwamba dawa moja ikitumika peke yake, vijidudu huizoea. Miezi 18! Mkata miwa gani, mchuma chai gani, mvuvi gani atakwenda kliniki miezi 18? Wengi waliacha njiani.

Hapo mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza yaliungana kuuliza swali ambalo mabwana wengi wa udaktari waliliona la kipuuzi: je, miezi sita itatosha? Mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo alikuwa Dakta Wallace Fox, yule yule aliyekuwa Madras, na upande wa maabara alikuwako Denis Mitchison. Wagonjwa walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Hao majina yao hayasomwi popote. Walikuwa watu wa kawaida waliokuja hospitali wakitema damu, wakakubali kulazwa na kutoa makohozi mwezi baada ya mwezi.

Waligawanywa kwa kura katika makundi matano. Kundi moja lilitibiwa kwa desturi ya zamani ya miezi 18. Makundi manne yalitibiwa miezi sita tu, na wote katika hayo manne walipata streptomaisini na isoniazidi kila siku. Kundi moja la hao halikuongezewa kitu. La pili liliongezewa thiasetazoni. La tatu liliongezewa pirazinamidi. La nne liliongezewa dawa mpya wakati ule, rifampisini.

Ndugu, someni hapa polepole. Mwisho wa mwezi wa sita karibu watu wote, katika makundi yote, makohozi yao yalikuwa safi. Wote walijisikia wazima. Kama utafiti ungeishia hapo tungeambiwa dawa zote ni sawa. Lakini hawakuishia hapo. Waliendelea kuwafuata hao watu na kupima makohozi yao baada ya dawa kukoma. Ndipo ukweli ulipotokea. Katika kundi lililopata streptomaisini na isoniazidi tu, ugonjwa uliwarudia watu 29 katika kila 100. Wenye thiasetazoni, 22. Wenye pirazinamidi, 8. Wenye rifampisini, 3 tu, sawa na wale waliotibiwa miezi 18.

Kwa nini urudi kwa mtu ambaye makohozi yake ni safi? Kwa sababu vijidudu havifi wote pamoja. Vile vinavyozaana kwa kasi hufa katika siku za kwanza, na hivyo ndivyo vinavyoleta kikohozi na homa, basi mtu hupata nafuu upesi. Lakini vingine hujificha kama vimelala, dawa haviioni. Rifampisini na pirazinamidi zina uwezo wa kuvifikia vilivyolala, na hata hizo zahitaji muda. Anayeacha vidonge mwezi wa pili amewaua waliokuwa macho akawaachia nyumba waliolala.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Majaribio mengine yakafuata, na leo mgonjwa wa Kahendero, wa London na wa Manila, kama ugonjwa wake haujawa sugu kwa dawa, ameponywa na mpango uliotokana na kazi ile: miezi miwili ya dawa nne, kisha miezi minne ya isoniazidi na rifampisini. Wakati wataalamu wa ulimwengu wanapozungumza juu ya "mpango wa miezi sita", wanazungumza juu ya vifua vya watu wa Afrika Mashariki.

Je, watu hao walifaidi upesi? Hapana, na jambo hili hatulipitii kimya. Rifampisini ilikuwa ghali mno. Nchi tajiri ziliipata mapema, na huku kwetu hospitali nyingi ziliendelea na thiasetazoni miaka mingi baadaye kwa sababu ilikuwa rahisi kwa bei. UKIMWI ulipoingia, ile dawa ya bei rahisi ikageuka kisu. Utafiti uliofanywa Nairobi, ukatolewa mwaka 1991, ulionyesha kwamba kama mmoja katika kila wagonjwa watano wenye virusi vya UKIMWI alipata madhara ya ngozi, mengine ya kuchubuka mwili mzima na kuua, na dawa iliyolaumiwa zaidi ni thiasetazoni. Baada ya hapo ikaanza kuondolewa. Kwa maoni yetu kugundua dawa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kugombana mpaka imfikie aliyejaribiwa.

Kazi haijasimama. Wengine walijaribu kupunguza miezi sita iwe minne kwa kutumia moksiflosasini, na wagonjwa wa Kenya na Tanzania walikuwamo. Makohozi yalisafika upesi kuliko zamani, watu wakafurahi, lakini matokeo ya mwaka 2014 yalipohesabiwa, waliofanikiwa miezi sita walikuwa 92 katika 100, na wa miezi minne 85 au 80. Likawa lile lile la mwaka 1972: nafuu ya haraka si kupona. Wakarudi tena na rifapentini pamoja na moksiflosasini, watu zaidi ya 2,500 katika nchi 13, Uganda na Kenya zikiwamo. Mwaka 2021 ikaonekana kwamba miezi minne ya mpango huo inatosha. Kwa watoto wenye ugonjwa usio mkali, jaribio la watoto 1,204 wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India lilionyesha mwaka 2022 kwamba miezi minne inawatosha. Lakini angalieni! Mwenye kupewa vidonge vya miezi sita asisome hapa akakata miezi miwili. Mpango ule ni wa dawa nyingine, na anayeamua ni mganga wako.

JAMBO HILI NA KAZI YETU

Mwenzetu mmoja alikuwa mpakiaji wa mifuko katika kiwanda ambacho hatutakitaja. Alikohoa, akapimwa, akaanza dawa. Alimwonyesha msimamizi karatasi ya kliniki kwa uaminifu wake. Wiki ile ile akaambiwa asirudi, atawaambukiza wenzake. Bila mshahara alikosa nauli ya kliniki, mwezi wa tatu akaacha vidonge, na mwaka uliofuata akarudi kukohoa mbaya kuliko mwanzo. Na wale aliopakia nao mifuko? Walipoona yaliyompata, waliokuwa wakikohoa wakanyamaza. Kwa hiyo msimamizi yule, akidhani anazuia ugonjwa kiwandani, aliufungia ndani.

Hapa ndipo utafiti unapokuwa silaha yetu ya mezani. Mwajiri akisema mgonjwa wa kifua kikuu afukuzwe, mjibuni kwa Madras: hatari kubwa ni ya kikohozi ambacho hakijapimwa. Mtu aliyeanza dawa zinazofaa, kwa kawaida baada ya wiki chache haambukizi tena, na mganga akiandika kwamba yuko salama anaweza kurudi kazini akiendelea na vidonge. Akisema miezi sita ni mingi, mjibuni kwa jaribio letu wenyewe: chini ya hapo kwa dawa hizi ugonjwa unaweza kurudi, nawe ukampoteza fundi mara mbili.

Sheria tuisome vizuri. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa mgonjwa mshahara kamili mwezi wa kwanza wa kutokuwako kazini, na ikamruhusu mwajiri kuvunja mkataba ugonjwa ukiendelea baada ya mwezi wa pili. Miezi miwili ya sheria na miezi sita ya dawa, ndugu, hazilingani. Ndiyo maana tunasema jambo hili liingizwe katika mapatano ya pamoja baina ya chama na mwajiri: mgonjwa wa kifua kikuu asiachishwe kazi akiwa katika dawa, siku ya kliniki ihesabiwe siku ya kazi, na kwa muda mgonjwa apewe kazi nyepesi mbali na vumbi. Madirisha ya kambi nayo yaandikwe humo humo.

WATAFITI WAKIJA KWETU

Mtu mzima hawezi kuingizwa katika jaribio bila kukubali mwenyewe. Nchini Uganda utafiti kwa watu hupitiwa kwanza na kamati ya maadili na kuidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kwa hiyo wakija, tusiwatupie mawe, na tusiwapokee kwa mikono miwili kwa ajili ya sabuni. Tuulize. Kibali kiko wapi? Mnapima nini, na hivi sasa wagonjwa hutibiwaje? Nikiangukia upande usiopewa dawa mpya, nitapata matibabu ya kawaida kamili? Damu na makohozi yangu yatakwenda wapi? Nikiumia na dawa yenu, nani atanitibu? Nikitaka kutoka katikati, nitaendelea kutibiwa? Jibu la swali hili la mwisho lazima liwe ndiyo. Na yote waeleze kwa lugha tunayoijua, Lukonzo au Kiswahili au Rutooro, pasipo kukimbizana kutia sahihi. Kwa mfanyakazi tunaongeza moja: asikubali mwajiri kumwandikisha. Idhini iliyotolewa mbele ya bosi si idhini.

Ni vema pia kuuliza nani anaangalia hesabu jaribio likiendelea. Ng'ambo ya mpaka wetu wa Mpondwe, huko Beni na Butembo, dawa nne za Ebola zilijaribiwa tangu Novemba 2018 kwa wagonjwa 681 chini ya Profesa Muyembe wa Kongo na wenzake. Kamati iliyokuwa ikitazama hesabu iliona Agosti 2019 kwamba dawa mbili zinaokoa zaidi: waliokufa walikuwa kama 35 katika 100, ilhali kwa nyingine mbili walikufa nusu au zaidi. Mara moja kura ikaachwa, wagonjwa wakapewa zile mbili. Wenzetu wa Bwera wanaukumbuka mwaka huo, Ebola ilipovuka mwezi Juni ikafika kwao.

KWA KIKUNDI CHA MASOMO

Katika mkutano wa tawi jadilianeni haya. Ni wangapi kati yetu wamekohoa zaidi ya wiki mbili mwaka huu, na wangapi walipimwa? Kama hawakupimwa, waliogopa ugonjwa au walimwogopa msimamizi? Kliniki ya kifua kikuu iliyo karibu nanyi hufunguliwa siku gani, na siku hiyo mwajiri wenu hukata mshahara? Katibu aandike majibu bila majina ya wagonjwa, ayalete ofisini kabla ya mazungumzo ya mapatano mapya.